Klasi Yenye Wazazi Wawili: Faida na Gharama ya Urithi Mseto katika Programu

Stakabadhi anayopewa mkulima wa korosho na chama chake cha msingi, iwe Tandahimba, Newala au Masasi, ni karatasi moja yenye kazi mbili. Kwanza inathibitisha mzigo, yaani kilo kadhaa za daraja fulani zimepimwa na kuingia ghalani. Pili inathibitisha deni, kwa kuwa mnada ukishafanyika mwenye karatasi hiyo ana fedha za kudai. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa zao la korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mtunza ghala na mhasibu wamekuwa wakiishika karatasi hiyo hiyo, kila mmoja akisoma sehemu inayomhusu. Kijana wa Mtwara au Lindi anayekaa kuandika programu ya kuendesha kazi hiyo hachelewi kukutana na swali ambalo wataalamu wa lugha za programu wamelibishania tangu miaka ya 1980: je, kitu kimoja kiruhusiwe kuwa na wazazi wawili?

Katika uandishi wa programu unaojengwa juu ya objekti, yaani vitu vinavyoundwa ndani ya programu, klasi ni maelezo ya data ambazo kitu cha aina fulani hubeba, pamoja na methodi, yaani kazi ambazo kitu hicho kinaweza kuzifanya. Urithi huja pale klasi moja inapotangazwa kuwa mtoto wa nyingine: mtoto hupata data na methodi zote za mzazi bila kuandikiwa upya, kisha huongeza zake au hubadilisha zile zisizomfaa. Wazo hili lilipata umbo lake katika lugha ya Simula 67, iliyobuniwa nchini Norwei na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na humo kila klasi ilikuwa na mzazi mmoja tu. Mpango wa mzazi mmoja una raha yake, kwa sababu ukitaka kujua methodi fulani imetoka wapi, unapanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi na kwa babu mpaka uikute, na njia ni moja. Lakini mambo ya mali na fedha hayakubali daima kupangwa katika mstari mmoja, na stakabadhi yetu ni mfano wa karibu.

Tuchukue klasi nne. Ya juu kabisa ni Rekodi, inayobeba namba, tarehe na jina la aliyeandika, na yenye methodi moja muhimu iitwayo hifadhi, inayotoa namba mpya na kuiandika rekodi katika hifadhidata. Chini yake wako watoto wawili. Mmoja ni Mzigo, unaobeba kilo, daraja na jina la ghala, na unaojua kukokotoa unyaufu, ule upungufu wa uzito unaotokea korosho zikikauka zikiwa ghalani. Wa pili ni Deni, linalobeba kiasi cha fedha, namba ya akaunti na makato. Ya nne ni Stakabadhi, na hapo ndipo tunapotaka kuandika kwamba Stakabadhi ni mtoto wa Mzigo na pia ni mtoto wa Deni.

Wengi husifu urithi wa namna hii kwa kuwa unapunguza kuandika. Ni kweli unapunguza, lakini hiyo si faida kubwa, maana kuna njia nyingi za kupunguza kuandika. Faida halisi ni kwamba kitu kimoja kinapokelewa kihalali katika sehemu mbili za programu zisizojuana. Sehemu ya mtunza ghala hupitia orodha ya kila kilicho Mzigo: zimo stakabadhi za wakulima, na humo humo kuna mifuko ya salfa inayongoja msimu wa kupulizia, ambayo ina uzito lakini haina deni lolote. Sehemu ya mhasibu hupitia orodha ya kila kilicho Deni: zimo stakabadhi zile zile, pamoja na madai ya mwenye lori na ujira wa wapakuzi, ambayo ni fedha tupu zisizo na kilo. Stakabadhi peke yake ndiyo imo katika orodha zote mbili. Lugha ikikulazimisha kuchagua mzazi mmoja, utaifanya iwe mtoto wa Mzigo, kisha utanakili ndani yake methodi za Deni. Na siku chama kitakapobadilisha utaratibu wa makato, utarekebisha Deni na kuisahau ile nakala, hivyo mwenye lori atalipwa kwa hesabu mpya na mkulima kwa hesabu ya mwaka jana.

Hata hivyo wazazi wawili wakishakubaliwa, ugomvi wa kwanza huwa ni wa majina. Aliyeandika Mzigo aliweka methodi iitwayo salio, akimaanisha kilo zilizobaki ghalani. Aliyeandika Deni naye aliweka methodi iitwayo salio, akimaanisha shilingi ambazo hazijalipwa. Hakuna aliyekosea, kwani jina ni zuri kwa wote wawili. Sasa mtu anapoiuliza Stakabadhi salio lake, ajibiwe kwa kilo au kwa shilingi?

Kila lugha ina jibu lake. C++, ambayo Bjarne Stroustrup aliiongezea urithi wa wazazi wengi katika toleo la 2.0 la mwaka 1989, hukataa: kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo ulioandikwa ili kompyuta iutumie, husema ombi hilo lina maana mbili na humtaka mwandishi ataje ni salio la nani. Eiffel, lugha ya Bertrand Meyer, humruhusu mtoto kubadilisha jina alilorithi, ili salio la Mzigo liitwe salio la kilo ndani ya Stakabadhi na la Deni libaki lilivyo. Kwangu mimi hili ndilo jibu la kiungwana kuliko yote, kwa sababu linakubali kwamba mgongano wa majina ni bahati mbaya tu na haupaswi kuwa na uzito wa kuvunja mpango mzima. Python humpa ushindi mzazi aliyetajwa kwanza, na haisemi neno. Ukimtaja Mzigo kabla ya Deni, mhasibu akiuliza salio atapewa 1,240, namba ambayo kwake ni shilingi na kumbe ni kilo, na programu itaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ukimya huo ni hatari kuliko kukataa, na anayefanya kazi na Python hana budi kuyakagua majina ya methodi za wazazi wote kabla ya kuwaunganisha.

Ugomvi wa pili ni mzito zaidi, nao unatokana na babu. Mzigo na Deni wote ni watoto wa Rekodi, kwa hiyo ukichora mishale kutoka Stakabadhi kwenda juu utapata umbo la almasi: njia mbili zinazoachana chini na kukutana tena juu. Swali ni kama Stakabadhi ina Rekodi moja ndani yake au mbili.

Katika C++, usiposema lolote, zitakuwa mbili. Objekti moja ya Stakabadhi itabeba namba mbili na tarehe mbili, moja iliyopita kwa Mzigo na nyingine iliyopita kwa Deni, na anayejua mambo ya ushirika hahitaji kuelezwa kinachofuata pale karatasi moja inapokuwa na namba mbili. Ili ibaki Rekodi moja, urithi kutoka kwa Rekodi hutangazwa kwa neno virtual. Kasoro ni kwamba neno hilo haliandikwi katika Stakabadhi, mahali tatizo linapoonekana, bali katika Mzigo na Deni, ambazo huenda ziliandikwa miaka miwili kabla na mtu asiyewahi kufikiri kwamba siku moja watoto hao wawili watapata mtoto wa pamoja. Zaidi ya hapo, Rekodi ikishakuwa ya pamoja, kazi ya kuianzisha inaondolewa mikononi mwa Mzigo na Deni na kukabidhiwa Stakabadhi yenyewe, kwa hiyo mjukuu analazimika kujua mambo ya babu ambayo kwa kawaida wazazi wangemfichia. Mpango huu unafanya kazi, na maktaba ya kawaida ya C++, yaani mkusanyiko wa klasi zilizokwishaandikwa tayari kwa matumizi, inautumia: istream ni ya kusoma, ostream ni ya kuandika, zote mbili zinarithi ios kwa njia ya virtual, na iostream inazirithi zote mbili ili iweze kusoma na kuandika huku hali ya mkondo wa data ikiwa moja. Lakini angalia kwamba walioziandika klasi hizo walizipanga pamoja tangu mwanzo. Almasi iliyochorwa na mkono mmoja huwa salama. Inayotokea kwa bahati, baada ya maktaba mbili za watu wasiojuana kuunganishwa, ndiyo yenye kuleta kilio.

Python haisumbuliwi na nakala mbili, kwa kuwa data zote za objekti hukaa mahali pamoja. Kinachoisumbua ni miito. Tuseme hifadhi ya Mzigo inaandika kilo kisha inaita hifadhi ya Rekodi kwa jina, na hifadhi ya Deni inaandika fedha kisha nayo inaita hifadhi ya Rekodi kwa jina. Stakabadhi ikiziita zote mbili, Rekodi itahifadhiwa mara mbili na kutoa namba mbili, hivyo mzigo mmoja utaonekana katika taarifa ya jioni kama mizigo miwili.

Dawa iliyopatikana ni kuwapanga mababu wote katika mstari mmoja. Kwa Stakabadhi mstari huo ni Stakabadhi, Mzigo, Deni, Rekodi, na kila klasi, badala ya kumwita mzazi wake kwa jina, hutumia super, ambayo maana yake ni anayefuata katika mstari. Mstari hupangwa kwa utaratibu uitwao C3, uliotangazwa mwaka 1996 kwa ajili ya lugha ya Dylan na kuchukuliwa na Python katika toleo la 2.3 la mwaka 2003. Masharti yake yanaeleweka: mtoto hutangulia mbele ya wazazi wake, wazazi hufuatana kama walivyotajwa, na mpangilio uliokwishawekwa kwa mzazi haugeuzwi kwa mtoto. Masharti yakigongana, mathalani mtu akiandika klasi inayotaja Rekodi kwanza na Mzigo baadaye, Python hugoma palepale klasi inapotangazwa.

Ili kuona kwa nini utaratibu huu ulihitajika, tazama ule wa zamani zaidi wa Python, uliopanda moja kwa moja hadi juu kabla ya kurudi upande wa pili. Mstari ulikuwa Stakabadhi, Mzigo, Rekodi, Deni. Kama Mzigo haukuwa na hifadhi yake, na Deni lilikuwa nayo, ilipatikana ile ya Rekodi kwanza, na fedha hazikuandikwa popote ingawa mwandishi wa Deni alikuwa ameandika kila kitu sawasawa.

Mstari mmoja una bei yake. Mwandishi wa Mzigo anapoandika super, hawezi kujua atakayeitwa ni nani. Akiwa katika klasi yake peke yake, anayefuata ni Rekodi. Akiwa ndani ya Stakabadhi, anayefuata ni Deni, klasi ambayo huenda hajawahi kuisikia. Kwa hiyo kila aliye katika mstari lazima akubali kushirikiana: methodi zipokee vitu vinavyolingana, na kila mmoja aite super isipokuwa yule wa mwisho. Mmoja akisahau, mnyororo unakatika hapo na waliobaki hawaitwi, tena bila kelele yoyote.

Hadi hapa msomaji anaweza kuona kwamba gharama zimezidi faida, na kwa wazazi wawili wenye hadhi sawa, kila mmoja na data zake, mara nyingi ndivyo ilivyo. Kuna matumizi mengine, hata hivyo, ambako urithi wa wazazi wengi hung'ara, nayo ni pale mzazi mmoja anapokuwa mkuu na wengine wanakuja kuongeza tabia ndogo ndogo tu. Kwa Wamakonde na Wamwera, ukoo wa mtoto kwa desturi huhesabiwa upande wa mama, lakini adabu za utu uzima hufundishwa unyagoni na kungwi ambaye si lazima awe ndugu. Hakuna anayemchanganya kungwi na mama, wala mtoto habadilishi ukoo kwa sababu amefundwa. Klasi ndogo za aina hiyo huitwa miksini, na mtindo wake ulikua katika mfumo wa Flavors uliotengenezwa katika chuo cha MIT, Marekani, kwa ajili ya mashine za Lisp, yaani kompyuta zilizoundwa mahsusi kwa lugha ya Lisp.

Katika programu yetu miksini zinaweza kuwa TumaUjumbe, inayompelekea mkulima ujumbe wa simu kila rekodi inapohifadhiwa, na AchaAlama, inayoandika nani amebadilisha nini na saa ngapi. Hakuna hata moja kati yake yenye maana ikisimama peke yake; haipo duniani objekti ambayo ni TumaUjumbe tu. Lakini kila moja inaweza kuongezwa kwa Mzigo, kwa Deni au kwa hati nyingine yoyote. Ukiwa na aina tatu za hati na tabia nne ambazo kila moja inaweza kuwepo au kukosekana, michanganyiko inayowezekana ni 48, na kwa urithi wa mzazi mmoja ungejikuta ukiandika klasi kwa kila mchanganyiko unaohitajika na kunakili tabia zile zile humo. Kwa miksini unaandika klasi saba na kuziunganisha kadiri ya haja. Maktaba ya socketserver ya Python ni ushahidi mzuri: kuna TCPServer na UDPServer, na kando yake ziko ThreadingMixIn na ForkingMixIn zinazoeleza namna ya kuwahudumia wateja wengi kwa wakati mmoja, na seva nne za aina tofauti hupatikana kwa tangazo fupi tu la kuunganisha mbili mbili.

Sharti la miksini ni kutajwa kwanza. ThreadingMixIn lazima itangulie mbele ya TCPServer kwa kuwa kazi yake ni kubadilisha methodi ya yule mkuu, na asiyetangulia hawezi kubadilisha kitu. Vivyo hivyo, ukiandika Mzigo kwanza na TumaUjumbe baadaye, mstari utafika kwa Rekodi, ambayo haiiti super, na ujumbe hautatoka kamwe. Wakulima watalalamika kwamba simu zimekaa kimya, na aliyeandika programu ataanza kuulaumu mtandao wa simu.

Waliobuni Java katika miaka ya 1990 waliyatazama haya yote na kuamua kwamba klasi itakuwa na mzazi mmoja. Badala ya mzazi wa pili walitoa kiolesura, ambacho kilikuwa orodha ya majina ya methodi isiyo na mwili wowote, yaani bila maagizo ya namna kazi inavyofanyika. Stakabadhi inaweza kutimiza violesura vingi, hivyo itaingia katika orodha ya mtunza ghala na katika orodha ya mhasibu, na ile faida niliyoiita halisi inabaki. Kilichopotea ni msimbo wenyewe, kwani kila klasi ililazimika kuandika mwili wa methodi upya. Mgongano wa salio pia haukuisha: violesura viwili vikidai methodi yenye jina lile lile, mwili mmoja ndio utakaojibu kwa wote wawili. C# ilikuwa na busara zaidi hapo, kwa kuwa inaruhusu mwili mmoja kwa ajili ya kiolesura hiki na mwingine kwa ajili ya kile.

Mwaka 2014 toleo la Java 8 liliviruhusu violesura kuwa na methodi zenye mwili. Sababu haikuwa falsafa. Walihitaji kuongeza methodi mpya katika violesura vya mikusanyo ya data ambavyo tayari vilikuwa vinatumika kila mahali, na bila mwili wa kuanzia, kila programu ya zamani iliyovitimiza ingevunjika ikitafsiriwa upya. C# ilifanya vivyo hivyo katika toleo la 8 mwaka 2019, na lugha ya PHP katika toleo la 5.4 ilikuwa imeleta treiti, vifungu vya methodi vinavyoweza kuongezwa katika klasi mbalimbali, tangu 2012. Lakini violesura vya Java, hata baada ya mabadiliko hayo, haviruhusiwi kubeba data za objekti. Methodi zinaweza kutoka kwa wengi. Data zinatoka kwa mzazi mmoja. Mpaka huo unafuata mstari ule ule tuliouona katika almasi, maana matatizo yake mabaya zaidi yalitokana na babu mwenye namba na tarehe, wala si babu mwenye tabia tu. Migongano ya methodi iliyobaki, kompaila ya Java huikataa na kumtaka mwandishi aamue mwenyewe.

Kwa kuzingatia mpaka huo, Stakabadhi yetu inastahili kutazamwa upya, kwa sababu Mzigo na Deni wote wana data. Kuna njia ya tatu, ambayo ni kuifanya Stakabadhi iwe na Deni ndani yake badala ya kuwa Deni. Wengi huipendekeza njia hii kama kanuni ya jumla, na mimi sipendi kanuni za jumla, lakini hapa kazi yenyewe inaamua. Malipo ya korosho yamewahi kutolewa kwa awamu, ya kwanza na ya pili, kwa mzigo ule ule. Klasi inayorithi Deni ni Deni moja tu, haiwezi kuwa mawili, ilhali klasi yenye orodha ya madeni inaweza kuwa na awamu moja leo na tatu kesho bila kubadilisha chochote. Mhasibu hapotezi kitu, kwa kuwa kila Deni litaingia katika orodha yake likiwa na namba ya stakabadhi lililotoka. Hata salio linaacha kugombaniwa, kwa sababu kilo zinaulizwa kwa Stakabadhi na shilingi zinaulizwa kwa madeni yake.

Hivyo tangazo ningeliandika kwa Python namna hii:

class Stakabadhi(TumaUjumbe, AchaAlama, Mzigo):

Mzazi mwenye data ni mmoja, Mzigo, naye amewekwa mwisho. Miksini mbili ziko mbele yake, na mpangilio wake haukuja kwa bahati. Kila miksini huita super kwanza, kisha hufanya kazi yake, kwa hiyo hifadhi ikiitwa, rekodi huandikwa, halafu alama huachwa, na ujumbe hutumwa mwisho kabisa. Zikibadilishana nafasi, mkulima atapata ujumbe kabla alama haijaandikwa, na umeme ukikatika katika sekunde hiyo, atakuwa ameshika simu yenye taarifa ambayo daftari la mabadiliko halina habari nayo.